Kalenda ya Ukutani: Kisa cha Mtoto Aliyesomea Nyumbani Vuli Nzima, Ngamiani, Tanga

Mwezi wa Agosti mjukuu wangu alipanda juu ya mti wa mkungu ulio uani kwetu kuchuma kungu, tawi likakatika, akavunjika mfupa wa muundi mahali pawili. Alikuwa darasa la tano na muhula wa pili ndio umeshika kasi. Daktari akamfunga hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia vidoleni hadi juu ya goti, akasema asikanyage chini mpaka aruhusiwe, na huenda ikafika Novemba. Shule yao si mbali kwa mtoto mzima, ila njia yote ni mchanga, na vyoo vya shule ni vya kuchuchumaa. Mwalimu wake wa darasa alikuja kumjulia hali. Tukakubaliana jina lake libaki kwenye rejesta, wenzake wawe wanamletea madaftari anakili, na mimi, niliyefundisha shule za msingi miaka 31 kabla ya kustaafu, nimfundishe hapa hapa nyumbani.

Nakiandika kisa hiki kwa walezi wanaojikuta na mtoto nyumbani miezi mitatu minne, awe ameumia au ana sababu nyingine. Tulipopatia nitapasema, na tulipokosea nitapasema pia.

Nilianza kama nilivyozoea. Saa mbili asubuhi tunafungua daftari, saa nne tunafunga. Hisabati, Kiswahili, Sayansi, Kiingereza, kwa zamu. Nilijua udhaifu wake uko wapi. Wa kwanza ulikuwa sehemu: aliamini kwa dhati kwamba moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya nne, kwa kuwa nane inaizidi nne. Wa pili ulikuwa insha, kwani hakuvuka sentensi tatu. Mwalimu aliyeshika chaki miaka 31 akipewa mtoto mmoja peke yake angetegemea amalize udhaifu huo kwa mwezi. Wiki mbili zikapita, na mtoto anasinzia saa tatu asubuhi kama mtu aliyekesha ngomani.

Siku moja akaniuliza, "Bibi, leo Jumanne au Alhamisi?" Ilikuwa Jumamosi.

Swali lile lilinifumbua macho kuliko mtihani wowote ambao ningempa. Shuleni siku zina sura. Jumatatu kuna paredi na bendera inapandishwa, kuna siku ya usafi, kuna siku ya michezo, na Ijumaa kengele ya mwisho ina mlio wake. Mtoto huyu alikuwa amelala kwenye kitanda kile kile, anatazama dirisha lile lile na mkungu ule ule uliomwangusha, na siku zote kwake zilikuwa siku moja ndefu. Mguu ulikuwa umevunjika, na kalenda yake nayo ilikuwa imevunjika. Nilikuwa nashughulikia hisabati kumbe kinachovuja ni kingine.

Msaada ulitoka nilikokuwa siangalii. Mwenzangu niliyesoma naye chuo cha ualimu ana binti anayeishi Marekani, ambako kumfundisha mtoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50. Binti huyo anawafundisha wanawe mwenyewe, na msimu ambao kwao majani hupukutika huwa anaupangia siku maalumu za kufurahisha: siku ya maharamia, siku ya tofaa (epo), siku ya maboga. Kila siku ina kisa chake, kazi ya mikono na somo ndani yake. Akamtumia mama yake orodha, mama yake akanitumia mimi. Nikatoa kalenda kubwa ya duka, ile yenye miraba mipana, nikaitundika mbele ya kitanda, nikampa mjukuu kalamu nyekundu.

Baba yake hakupendezwa. Alirudi kutoka bandarini jioni, akaiona kalenda, akakaa. "Mama, sikukuu zetu tunazijua. Hizi nyingine za nini?" Lilikuwa swali la haki na sikulipuuza. Nilimweleza kwamba sikukuu ni ya dini, na hizi ni siku za kusomea. Tukakubaliana mambo mawili. Siku yenye asili ya ibada ya watu wengine tutaisoma kama habari za watu, hatutaifanya. Na Maulidi yataandikwa kwenye kalenda ile ile, kwa kalamu ile ile. Hapo hapo likazaliwa somo ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote: mtoto akauliza kwa nini Maulidi huhama kila mwaka na Desemba 9, siku ya Uhuru, haihami. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, wa jua 365. Akatoa, akapata 11. Akachukua kalamu, akarudi nyuma siku 11, tena 11, akitafuta mwaka ambao Maulidi yangeangukia siku aliyozaliwa. Alifanya hesabu za kutoa nusu saa nzima bila kuambiwa. Baba yake alikuwa anaangalia, na suala la kalenda halikurudi tena.

Siku ya kwanza ilikuwa Septemba 2, Siku ya Nazi Duniani, inayoadhimishwa tangu 2009 na nchi zinazolima nazi za Asia na Pasifiki. Mjini Tanga hatuhitaji kuambiwa na mtu nazi ni nini, na ndiyo sababu nilianza nayo. Nilimwomba mama yake, ambaye anauza sokoni Mgandini, alete nazi za hatua zote atakazopata, kuanzia changa hadi kavu. Zikapangwa juu ya mkeka: kitale, dafu, koroma, nazi, na mbata moja iliyokauka ikigongagonga ndani ya kifuu chake. Mtoto alizitikisa moja moja akisikiliza. Dafu limejaa halisemi kitu, nazi inatoa mlio wa maji, mbata inagonga kama jiwe. Nilimwambia aandike anachosikia. Aliandika sentensi tisa. Nilizihesabu mara mbili.

Kisha tukavunja nazi mbili. Alikuna mwenyewe, mbuzi ya kukunia imeinamishiwa kitandani na mguu wa hogo umenyoshwa pembeni, machicha yakimrukia mpaka kwenye nyusi. Tukakamua tui la kwanza kwa kikombe kimoja cha maji, la pili kwa viwili, tukayapima yote kwa kikombe cha robo lita. Nikamwambia mapishi yetu ya wali yanataka nusu ya tui la kwanza na robo tatu ya tui la pili, agawe. Aligawa, akamwaga, akakosea, akarudisha. Ndipo nikamuuliza, "Tui hili nikiwagawia watu wanne au watu wanane, nani atakunywa kingi?" Akanitazama kama nimemwuliza jina lake. "Wanne, Bibi." Nikachukua kalamu nikaandika 1/4 na 1/8 ubavuni mwa kikombe. Akanyamaza. Nilimwacha anyamaze. Ualimu umenifundisha kwamba ukimya wa namna ile haufai kusemewa juu yake.

Septemba 19 ilikuwa siku ya kuongea kama haramia, mchezo ulioanzishwa na marafiki wawili wa Kimarekani mwaka 1995. Ilitushinda kabisa. Utamu wote wa siku ile umo katika lafudhi ya Kiingereza cha mabaharia wa kale, na lafudhi haibebwi kutoka lugha hadi lugha. Tulitengeneza kitambaa cha kichwa, akapiga kelele kidogo, akachoka. Daftari la siku hiyo halina kitu. Hapo nikajiwekea kanuni: siku isiyo na kitu cha kushikwa mkononi ndani ya nyumba hii, haiingii kwenye kalenda.

Kanuni hiyo iliokoa siku ya tofaa. Septemba 26 Wamarekani humkumbuka John Chapman, aliyezaliwa mwaka 1774 na kutumia maisha yake kupanda mbegu za tofaa nchini mwao. Tofaa kwetu linanunuliwa moja moja kwa mgonjwa, lakini Muheza iko hapo jirani na machungwa yake. Tulikata machungwa, tukahesabu vipande ndani ya kila moja, tukaandika: vipande vitatu kati ya kumi, vinne kati ya kumi na moja. Aligundua mwenyewe kwamba machungwa hayana idadi moja ya vipande, kwa hiyo "kipande kimoja" cha chungwa hili si sawa na "kipande kimoja" cha lile. Walimu wenzangu wanajua ni watoto wangapi wa darasa la saba bado hawajalielewa hilo.

Siku hiyo hiyo akaniuliza majani ya Marekani yanapukutika vipi. Nikamwonyesha dirishani. Mkungu wetu ulikuwa umeanza kubadilika, majani mekundu kama nyanya yamechanganyika na mabichi. Nilimwokotea matatu: moja bichi, moja la njano lenye madoa, moja jekundu kabisa. Mti ukijiandaa kuangusha jani huacha kutunza ile rangi ya kijani, klorofili, ambayo hulipikia jani chakula kwa mwanga wa jua. Klorofili ikivunjika, rangi nyingine zinajitokeza. Aliyabandika majani yote matatu kwenye daftari kwa ute wa yai, na jekundu lipo mpaka leo, limekuwa kahawia. Alikuwa na kinyongo na mti ule tangu aanguke. Tangu siku hiyo aliacha kuufungia dirisha.

Sasa nifike Oktoba, mahali nilipoharibu.

Mwezi ulianza vizuri mno, na pengine ndiyo maana niliharibu. Oktoba 4 huanza Wiki ya Anga Duniani, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik 1, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa na mwanadamu. Ilikuwa tufe la sentimita 58, kilo kama 84, na ilizunguka dunia kila baada ya dakika kama 96. Tulipima kamba sentimita 58, tukafinyanga magazeti kwa uji wa unga mpaka tufe likatimia. Nikamwuliza Sputnik iliizunguka dunia mara ngapi kwa siku. Alizidisha 24 kwa 60, akapata 1,440, akagawa kwa 96. Zikatoka 15 kamili. Alipiga kelele mama yake akaja mbio jikoni akidhani ameanguka tena.

Oktoba 9 ni Siku ya Posta Duniani, kwa kuwa Umoja wa Posta Duniani uliundwa siku hiyo mwaka 1874 mjini Bern, Uswisi. Aliandika barua kwa darasa zima la tano, kupitia sanduku la posta la shule. Ukurasa mmoja na nusu. Miezi miwili kabla nilikuwa nambembeleza avuke sentensi tatu. Sikumfundisha mbinu yoyote mpya ya insha. Insha nilizompa Agosti zilikuwa na msomaji mmoja tu, mimi na kalamu yangu nyekundu. Hii ilikuwa na wasomaji wanaomjua, na alikuwa na la kuwaambia.

Lakini tazama tarehe. Tarehe 4 anga. Tarehe 5 Siku ya Walimu Duniani. Tarehe 9 posta. Tarehe 14 kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Nyerere, aliyefariki London mwaka 1999. Tarehe 15 kunawa mikono. Tarehe 16 Siku ya Chakula Duniani, kwa kuwa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliundwa tarehe hiyo mwaka 1945. Nilizitia zote. Kila moja nikaiandalia kazi, picha, swali, chakula. Nilikuwa nimenogewa, nakesha nikikata karatasi. Asubuhi ya tarehe 15 niliingia na beseni, sabuni na bizari ya kumwonyesha jinsi uchafu unavyong'ang'ania vidole. Aligeukia ukutani. "Shikamoo Bibi," akasema bila kugeuka, kisha, "leo tusiadhimishe kitu chochote." Akalia. Alilia kwa muda mrefu, na sidhani kilikuwa kilio cha beseni peke yake.

Nilikaa pembeni yake mpaka akatulia. Kosa lilikuwa langu na lilikuwa kosa lile lile la Agosti likiwa limevaa nguo za rangi. Siku zote zikiwa maalumu, hakuna siku maalumu. Nilimponya mtoto kutoka kwenye siku zinazofanana, kisha nikamrudisha humo humo. Tulifuta ya 15 na ya 16 kwa pamoja, tukapatana: siku moja yenye jina kwa wiki, isizidi. Siku nne zilizobaki ni siku tupu, daftari na jedwali la kuzidisha, saa mbili mpaka saa nne. Sikutarajia kwamba atazipenda siku tupu. Alizipenda, kwa kuwa sasa zilikuwa zinaelekea mahali. Jumatatu alikuwa anajua zimebaki siku ngapi.

Wiki iliyofuata wenzake walileta bahasha moja nene yenye majibu. Mmoja alikuwa ameandika kwamba kiti chake hakuna anayekikalia. Barua hiyo alilala nayo.

Maboga ya Oktoba 31 nayapita haraka. Kule huchongwa sura na kutiwa mwanga. Sisi tulilipika la nazi, tukahesabu mbegu kwa mafungu ya kumi, yakaisha.

Siku iliyonifundisha zaidi hatukuletewa na orodha. Tulipokuwa tunatafuta siku ya Novemba, nilikumbuka kwamba Novemba 4 mwaka 1914 ilikuwa siku kubwa ya mapigano ya Tanga, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India, watu kama 8,000, lilikuwa limeshuka pwani ya Ras Kazone. Wajerumani walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Katikati ya risasi, makundi ya nyuki yalichokozwa yakawavamia watu, na mpaka leo vita hivyo hutajwa pamoja na nyuki. Waingereza walirudi melini tarehe 5 wakiacha silaha nyingi.

Sikuifanya sherehe. Watu walikufa pale, wengine walitoka mbali sana kuja kufa mahali wasipopajua, na makaburi yao yapo mjini mwetu. Nilimsomea kwa sauti ya kawaida, tukachora ramani ya ghuba, akaweka Ras Kazone, kituo cha reli na nyumba yetu. Kuona nyumba yetu kwenye ramani ya vita kulimfanya anyamaze kama alivyonyamaza siku ya nazi.

Baadaye tukaingia kwenye nyuki wenyewe. Mzee jirani yetu ana mizinga kwenye mikoko. Alikuja na kipande cha sega kwenye sahani ya bati, akakaa barazani, na mtoto akamhoji kwa maswali saba aliyoyaandika jana yake. "Babu, nyuki anajuaje kurudi kwao?" Mzee alijibu yote kwa heshima, kama anaongea na mtu mzima. Kisha tukachukua rula. Vyumba 10 vya sega, vikiwa vimepangana, vilichukua sentimita 5 kasoro kidogo. Chumba kimoja basi ni karibu nusu sentimita. Nilimwambia achore vyumba vya duara vikigusana, akaona mapengo yanayobaki. Akachora vya pembe sita, pengo halikubaki. Kila pembe ni nyuzi 120, tatu zinakutana mahali pamoja, jumla 360. Asali ilikuwa imeshaingia kwenye rula, kwenye daftari na kwenye hogo.

Hogo lilitolewa wiki ya tatu ya Novemba, na mtihani wa mwisho wa mwaka aliufanyia shuleni, akienda kwa bajaji na magongo. Hisabati alipata 31 kwa 50. Muhula wa kwanza alikuwa na 22. Insha yake ilijaza ukurasa. Kiingereza kilishuka, kutoka 34 hadi 27, na sababu haina mjadala: siku zote zile tuliziishi kwa Kiswahili, nami Kiingereza nilikiachia siku tupu, tena mwisho, mtoto akiwa amechoka. Ningerudia leo, barua moja kati ya zile angeiandika kwa Kiingereza, kwa wale watoto wa Marekani ambao mama yao ndiye aliyetutumia orodha.

Mtu anaweza kuniuliza kama si uwezo wa kufundishwa peke yake tu, na siku hizi zilikuwa pambo. Nimelipima hilo kwa uaminifu. Agosti kulikuwa na mwalimu yule yule, mtoto yule yule, saa mbili zile zile, na akasinzia. Katikati ya Oktoba kulikuwa na siku maalumu kila kukicha, na akalia. Alisonga mbele pale tu siku moja ilipong'aa na nyingine zikatulia kuizunguka, na pale siku ile ilipogusa udhaifu niliokwisha kuujua: nazi kwa sehemu, barua kwa insha. Haramia hakugusa chochote, akapita.

Shule ilifungwa, nami nikadhani kazi yangu imekwisha. Desemba 22 aliniamsha alfajiri. Kwenye mraba wa kalenda alikuwa ameandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, "silikanti". Baba yake alimsimulia kwamba tarehe hiyo mwaka 1938, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer alimkuta kati ya samaki wa meli ya uvuvi samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka mamilioni ya miaka, na kwamba bahari yetu ya Tanga inaye, hata ikatengewa hifadhi kwa ajili yake mwaka 2009. Tulikwenda Deep Sea, wavuvi wanapotia nanga, yeye akichechemea na gongo moja. Alikuwa na kamba ya mita mbili, urefu anaoweza kuukaribia samaki huyo. Aliinyoosha chini kwenye mchanga katikati ya ndoo na madau, akawauliza wavuvi nani amewahi kumwona.

Mzee mmoja alisema alimwona mara moja, zamani, amenasa kwenye jarife, wavu wa papa. Aliinama, akaitembeza mikono juu ya kamba polepole, akaibana kwa vidole viwili. "Aliishia hapa." Mjukuu akafunga fundo pale pale. Nyumbani alilipima: sentimita 142. Akaandika kwenye daftari mita 1 na 42/100, akalitazama kidogo, akalikata, akaandika 21/50.